Programu huria: nani huamua pale ambapo hakuna bosi?

Konda wa daladala ya Tegeta hataji namba za barabara. Anataja Kibaoni, Kwa Ndevu, Namanga, Nyuki, na kila abiria anajua pa kushuka. Majina hayo yalishika kwa sababu watu waliyatumia. Sasa tuuweke mtaa wa huku kwenye ramani ya simu. Kibao cha anwani ya makazi kilichosimikwa kwenye kona kinaweza kuwa na jina moja, huku wakazi, bodaboda na mama wa genge wanatumia jina jingine. Ramani ina nafasi moja kubwa ya kuandika jina la barabara. Nani anaamua liandikwe lipi?

Kama ramani ni mali ya kampuni, jibu ni jepesi: kampuni inaamua. Lakini ipo ramani ya dunia nzima, OpenStreetMap, ambayo imechorwa na watu wa kujitolea, na sehemu kubwa ya Dar es Salaam iliyomo ndani yake imechorwa na vijana wa hapa hapa. Haina bosi wa kumwambia mchoraji wa Tegeta afute au aandike. Hali ni hiyo hiyo katika maelfu ya miradi ya programu ambazo tunazitumia kila siku bila kujua.

Katika makala hii tunaeleza jinsi miradi ya namna hiyo inavyoongozwa: nani ana sauti, ugomvi unamalizwaje, na kwa nini jambo hili linamgusa mkazi wa Tegeta, Mbagala au Tandale hata kama hajawahi kuandika programu maishani mwake.

Programu huria ni nini?

Kila programu ina maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, ambayo yanaielekeza kompyuta cha kufanya. Kampuni nyingi huyaficha maandishi hayo. Programu huria hufanya kinyume: msimbo uko wazi, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza.

Mifano iko karibu nasi. Simu za Android zimejengwa juu ya Linux, mfumo huria ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Takwimu za vituo vya afya Tanzania huingizwa katika DHIS2, mfumo huria unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambao wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa miongoni mwa washirika wake. Jirani zetu Kenya walianzisha Ushahidi mwanzoni mwa mwaka 2008, kukusanya taarifa za ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na msimbo wake ukawekwa wazi ukatumika katika nchi nyingine.

Baadhi ya wanaofanya kazi hizi wanalipwa na vyuo, kampuni au wafadhili. Wengi hawalipwi. Hapo ndipo suala la uongozi linapokuwa gumu, kwa sababu mtu asiyelipwa huwezi kumkata mshahara wala kumfukuza kazi. Akichukizwa anafunga kompyuta yake na kwenda zake. Kiongozi wa mradi wa kujitolea yuko katika hali ya mwenyekiti wa kikundi cha kufa na kuzikana: nguvu yake yote inatokana na wanachama kuendelea kumkubali.

Njia nne za kuamua

Miradi mingi hufuata mojawapo ya njia nne, au huzichanganya.

Njia ya kwanza ni ya mwanzilishi. Aliyeanzisha ndiye mwenye neno la mwisho. Linux iko hivyo mpaka leo. Maelfu ya watu hutuma mabadiliko, lakini hayaendi moja kwa moja kwa Torvalds. Kila sehemu ya mfumo ina msimamizi wake, ambaye hupokea mabadiliko, huyachambua, na kuyapeleka juu yale aliyoyaridhia. Mwaka 2005 Torvalds alitengeneza Git, programu ya kufuatilia nani kabadilisha nini na lini, ambayo sasa hutumiwa na miradi mingi duniani. Njia ya mwanzilishi ina faida ya kasi. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinasimama juu ya tabia na afya ya mtu mmoja. Mwaka 2018 Torvalds mwenyewe aliomba radhi kwa lugha yake kali dhidi ya wachangiaji, akapumzika kwa wiki kadhaa, na mradi ukapitisha kanuni za maadili.

Mwaka huo huo lugha ya Python ilionyesha kinachotokea mwanzilishi anapochoka. Guido van Rossum alikuwa ameiongoza tangu alipoianzisha. Mwezi Julai 2018, baada ya mabishano marefu juu ya alama moja mpya katika lugha hiyo, alitangaza kwamba anaachia ngazi, na hakuteua mrithi. Wachangiaji walilazimika kukaa na kujiuliza wataongozwaje. Mwaka 2019 walichagua baraza la watu 5. Kanuni mojawapo waliyojiwekea inasema wajumbe wasiozidi 2 wanaweza kutoka kwa mwajiri mmoja, ili kampuni moja isije ikaliteka baraza zima.

Njia ya pili ni ya katiba na kura. Mfano maarufu ni Debian, mradi ulioanza mwaka 1993 na kupata katiba yake mwaka 1998. Kila mwaka wanachama humchagua kiongozi. Kila mpiga kura hupanga wagombea kwa mfuatano anaoupenda, na kwenye karatasi kuna chaguo la ziada: hakuna kati yao anayefaa. Kiongozi akiamua jambo ambalo wanachama hawalitaki, wanaweza kulitengua kwa kura. Hata hivyo kura hazimalizi kila kitu. Mwaka 2014 kamati ya ufundi ya Debian iligawanyika sawasawa, wanne kwa wanne, kuhusu programu ya kuwashia mfumo, na mwenyekiti akaamua kwa kura yake. Baadhi ya walioshindwa waliondoka na kuanzisha mfumo wao, Devuan.

Njia ya tatu ni ya maafikiano. Taasisi ya Apache, iliyoundwa mwaka 1999, ina utaratibu ambao mtu wa kikao cha ukoo atauelewa haraka. Mwenye wazo analitangaza na kusubiri, kwa kawaida saa 72 au zaidi, ili watu wa nchi zenye saa tofauti wapate nafasi ya kusema. Kimya huhesabiwa kuwa ridhaa. Anayekubali huandika jumlisha moja, asiye na upande sifuri, anayekataa toa moja. Katika mabadiliko ya msimbo, kura moja ya kukataa inaweza kusimamisha jambo, lakini lazima iambatane na sababu za kiufundi. Kusema tu kwamba hutaki hakutoshi.

Njia ya nne haiandikwi kwenye katiba yoyote, nayo ndiyo inayotawala zaidi: anayefanya ndiye anayeamua. Kwenye kamati ya harusi kila mtu ana maoni kuhusu chakula, lakini yule aliyekwenda sokoni alfajiri ndiye aliyeamua watu watakula nini. Miradi ya kujitolea iko vivyo hivyo. Unaweza kubishana mwezi mzima kuhusu namna bora ya kufanya jambo, na mtu mmoja akalifanya usiku mmoja likawa.

Dar es Salaam ilivyochorwa

Tuirudie ramani. OpenStreetMap ilianzishwa mwaka 2004 na Steve Coast, Mwingereza aliyekuwa mwanafunzi jijini London. Taasisi ya kuisimamia iliundwa mwaka 2006, lakini kazi yake ni kutunza seva, jina, fedha na leseni. Haiwaambii wachoraji wachore nini. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, Januari 2010, wachoraji wa kujitolea walionyesha kwamba wanaweza kuchora jiji zima kwa siku chache kwa kutumia picha za satelaiti. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa Humanitarian OpenStreetMap Team, shirika linalochora maeneo yenye maafa.

Hapa kwetu, Tandale ilichorwa mwaka 2011 kwa ushirikiano wa wanafunzi na wakazi wa kata hiyo. Mwaka 2015 ukaanza mradi mkubwa zaidi, Ramani Huria, uliohusisha Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Msalaba Mwekundu na washirika wengine. Sababu ilikuwa mafuriko. Jiji lilikuwa limekua haraka kuliko ramani zake, na huwezi kupanga mifereji wala kuokoa watu katika mtaa usiouona kwenye karatasi. Wanafunzi waliingia mitaani na simu na vifaa vya kupimia mahali, wakaandika mifereji, madaraja, nyumba, visima na vyoo. Baadaye vijana wa kazi hiyo wakawa na shirika lao la Kitanzania, OpenMap Development Tanzania. Na Agosti 2018 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa FOSS4G, mkutano wa dunia wa programu huria za ramani.

Katika kazi ya namna hiyo maamuzi yako ya aina mbili, na inafaa tuyatenganishe. Aina ya kwanza ni ya mradi wenye fedha: kata zipi zianze, wanafunzi wangapi, kwa miezi mingapi. Hayo huamuliwa na wenye mradi na wafadhili wao, kama mradi wowote ule. Aina ya pili ni ya ramani yenyewe: mfereji huu unaishia wapi, mpaka wa mtaa huu uko kwenye mwembe au kwenye msikiti. Hapo mfadhili hana la kusema, kwa sababu hajui. Anayejua ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mjumbe wa shina na mkazi aliyeona maji yakipita mlangoni kwake.

Kwa watu wa ukanda wa Tegeta, ambako mito kama Tegeta na Mbezi hushuka kuelekea baharini na kula kingo zake msimu wa mvua, tofauti hiyo ina uzito. Mstari wa mto uliochorwa miaka mitano iliyopita unaweza kuwa si mahali mto ulipo leo. Mwenye ruhusa ya kuurekebisha ni yeyote mwenye akaunti. Swali ni nani atafanya, na atakayebishana naye atasikilizwa vipi.

Ugomvi wa jina la mtaa unamalizwaje?

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwezi Agosti, serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi. Barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, vibao vikasimikwa. Ni kazi iliyofanya mambo mengi yawe rahisi. Pia iliweka majina mapya juu ya majina ya mazoea, na kila mchoraji wa ramani akajikuta na swali lile tuliloanza nalo.

OpenStreetMap ina kanuni moja inayotangulia nyingine: andika kilichopo mahali penyewe, ambacho mtu mwingine anaweza kwenda kukihakikisha. Kama kibao kipo na kinasomeka, jina la kibao lina nguvu. Lakini ramani hii ina nafasi zaidi ya moja chini ya ile kubwa. Kuna nafasi ya jina kuu, ya jina jingine linalotumika, ya jina rasmi na ya jina la zamani. Kwa hiyo ugomvi mwingi haulazimu mtu kushinda na mwingine kushindwa. Jina la kibao na jina la konda wa daladala yote mawili huandikwa, na mtu akitafuta lolote kati yake anafika.

Ikiwa watu wawili wanafutiana jina kila siku, kuna ngazi. Kwanza, kila badiliko lina nafasi ya maoni, na jina la aliyelifanya linaonekana. Watu wanatakiwa wazungumze hapo. Pili, jambo hupelekwa kwa wachoraji wa nchi husika, ambao kwa kawaida wanafahamiana. Tatu, likishindikana, linafika kwenye kikundi cha taasisi kinachoshughulikia migogoro ya data, ambacho nacho ni cha watu wa kujitolea. Hicho kinaweza kurudisha ramani ilivyokuwa na kumfungia mtu kwa muda. Juu yake iko bodi.

Ngazi hizo zilipimwa mwaka 2018 katika jambo zito kuliko jina la barabara: rasi ya Crimea, iliyo kati ya Ukraine na Urusi. Kikundi cha data kiliamua, kwa kanuni ya kilichopo mahali penyewe, kwamba ramani ionyeshe Urusi kwa kuwa ndiyo inayoishikilia. Wachoraji wa Ukraine wakakata rufaa. Mwezi Desemba bodi iliutengua uamuzi huo na kurudisha utaratibu wa awali, wa kuliweka eneo hilo ndani ya mipaka ya nchi zote mbili. Wapo waliosema bodi imefanya siasa, na wapo waliosema kikundi ndicho kilichofanya siasa. Kanuni nzuri haikuondoa haja ya watu kukaa na kuamua.

Nani ana kura?

Bodi ya taasisi ya OpenStreetMap ina watu 7, na wanachaguliwa na wanachama. Kuchora ramani ni bure na hakuhitaji uanachama. Kupiga kura kunauhitaji. Ada ya kawaida ni pauni 15 za Uingereza kwa mwaka. Kwa mtu wa London hiyo ni bei ya chakula cha mchana. Kwa mwanafunzi wa Dar es Salaam ni fedha ya kufikiria mara mbili, na kuituma nje ya nchi ni kazi nyingine. Matokeo yake kwa miaka mingi yalikuwa dhahiri: wapiga kura wengi walitoka Ulaya na Marekani Kaskazini, wakati sehemu kubwa ya kazi mpya ya kuchora ilikuwa ikifanyika Afrika na Asia.

Mwaka 2020 mlango ulipanuliwa. Mtu aliyechora katika siku 42 tofauti ndani ya mwaka mmoja anaweza kuomba uanachama bila kulipa. Kwa maneno mengine, jasho likakubaliwa kuwa ada. Kijana wa Tegeta anayechora Jumamosi moja tu kwa wiki hufikisha siku hizo kabla mwaka haujaisha. Anachotakiwa kujua ni kwamba haki hiyo ipo, na kwamba haiji yenyewe. Lazima aiombe.

Kwa nini wasiruhusu tu kila mwenye akaunti apige kura? Tukio la mwaka 2018 linatoa jibu. Muda mfupi kabla ya uchaguzi, maombi ya uanachama yapatayo 100 yaliingia kwa wakati mmoja kutoka kwa wafanyakazi wa kampuni moja. Uchunguzi ukafanyika, na mjadala mrefu ukafuata kuhusu jinsi ya kuzuia kampuni isinunue uchaguzi. Hapa Tanzania tuna neno la wapiga kura wa kuletwa: mamluki. Miradi huria nayo inawaogopa. Ukifunga mlango sana unabaki na wazee wachache wa Ulaya. Ukiufungua sana anaingia mwenye fedha na watu wake. Siku 42 za kazi ni jaribio la kupita katikati.

Kompyuta au tarakilishi?

Mfano mwingine wa nyumbani ni wa maneno. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mradi huo uliitwa Kilinux.

Kutafsiri programu ni kufanya maelfu ya maamuzi madogo. Tuseme kompyuta au tarakilishi? Faili au jalada? Neno lililotungwa na wataalamu linapendeza kwenye kamusi, lakini neno la mkopo ndilo analolijua mfanyakazi wa stesheneri pale Kibaoni. Ndiyo maana kazi kama hiyo haiwezi kuachiwa mwandishi wa programu peke yake. Inahitaji wanaisimu na watumiaji, na mwishoni inahitaji orodha moja ya istilahi ambayo wote wataifuata, hata aliyeshindwa katika hoja. Programu inayoita kitu kimoja majina matatu haimsaidii mtu.

OpenOffice hiyo hiyo inatufundisha jambo la mwisho kuhusu madaraka. Mwaka 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, iliyokuwa mlezi wa mradi. Wachangiaji wengi hawakuridhika na mwelekeo, na mwezi Septemba wakachukua msimbo, kama leseni inavyoruhusu, wakaanzisha LibreOffice chini ya taasisi yao wenyewe. Watumiaji wengi waliwafuata. Mwaka 2025 jambo la namna hiyo lilitokea kwenye ramani za simu: baadhi ya wachangiaji wa programu ya Organic Maps, inayotumia data za OpenStreetMap, walilalamikia uwazi wa uongozi na fedha, wakajitenga na kuanzisha CoMaps.

Haki hii ya kuondoka na nakala ndiyo kinga kubwa ya programu huria. Kiongozi anajua kwamba akizidisha, watu wanaweza kuhama na kila kitu. Lakini si haki ya bure. Wanaohama wanahitaji seva, fedha, jina jipya na watu wa kutosha wa kuendesha kazi. Mradi mdogo ukigawanyika mara mbili, mara nyingi vinabaki vipande viwili visivyo na uhai.

Hatari ziko wapi?

Hatari ya kwanza ni mtu mmoja kubeba mzigo wa wengi. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua kwamba kuingia kwenye seva kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alipofuatilia akakuta mlango wa siri ndani ya XZ, programu ndogo ya kubana mafaili iliyomo katika mifumo mingi ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, akimsaidia mtunzaji wa mradi ambaye alikuwa amechoka na alikuwa akisukumwa na akaunti nyingine akubali msaada. Mwisho alipewa funguo, na akazitumia. Programu iliyotegemewa na dunia nzima ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea.

Hatari ya pili ni fedha za mradi kwisha. Mfadhili huja kwa miaka miwili au mitatu. Mto hauna mkataba huo. Kama maamuzi na ujuzi vilikuwa kwa wageni, ramani inaanza kuzeeka siku wanapopanda ndege. Kama vilikuwa kwa vijana na wenyeviti wa mitaa, kuna mtu wa kuendelea.

Hatari ya tatu haionekani kwa urahisi. Katika mfumo wa anayefanya ndiye anayeamua, asiyeweza kufanya hana sauti. Mwenye kompyuta, bando la kutosha, umeme wa uhakika na Kiingereza cha kubishana usiku wa manane ndiye atakayeshinda hoja. Mama anayeuza samaki Kunduchi anajua maji yanapita wapi kuliko mchoraji yeyote, lakini hayumo kwenye mjadala. Mradi unaotaka haki lazima umfuate alipo na kumuuliza kwa Kiswahili.

Maswali ya kuuliza kabla ya kujiunga

Kwa wasomaji wetu wanaofikiria kujitolea katika mradi huria, au kuanzisha wao wenyewe, tunapendekeza maswali matano. Yanafaa pia kwa VICOBA au kamati ya mtaa.

Nani ana funguo, yaani nywila za seva, jina la mradi na akaunti ya fedha? Wakiwa chini ya wawili, kuna tatizo hata kama wote wanapendana.

Uamuzi wa mwisho unafanywaje, na umeandikwa wapi? Kama jibu ni kwamba tunaelewana tu, subirini siku ya kwanza ya kutoelewana.

Mgeni anapandaje ngazi? Katika miradi mizuri njia iko wazi: unaanza na marekebisho madogo, yanakaguliwa, baada ya muda unaaminiwa kukagua ya wengine.

Kiongozi anaondokaje? Python waliuliza swali hili baada ya kiongozi kuondoka. Ni rahisi zaidi kuliuliza akiwa bado yupo.

Na mwisho, nani anaathirika na uamuzi lakini hayumo kikaoni? Katika ramani ya Tegeta huyo ni mkazi wa ukingo wa mto. Kama mstari wa mto ulio karibu na kwenu umekosewa kwenye OpenStreetMap, huhitaji barua wala muhuri kuurekebisha. Unahitaji akaunti, na dakika chache za kueleza katika nafasi ya maoni umeona nini na lini. Atakayepinga naye atatakiwa aeleze.